Arusha, Natron, Waso: siku nane na mkonga unaogoma kuwaka

Gari: Toyota Land Cruiser pikapu ("mkonga" kwa jina la mtaani), HZJ79, injini ya 1HZ ya dizeli, silinda sita, cc 4,164, haina turbo wala kompyuta. Betri mbili za volti 12 zimefungwa sambamba. Mzigo: mabomba na vifaa vya kisima, kilo 700 hivi. Mwezi: Julai. Haya yamepangwa upya kutoka daftari la gari na picha za simu. Vipande ambavyo havikuwa na jambo vimerukwa.

Siku ya 1, Jumatatu. Arusha – Mto wa Mbu, kilomita 115 hivi, lami

Gari liliwaka asubuhi baada ya stata kupigwa sekunde tano au sita, likatoa moshi mweupe, kisha likatulia. Dereva aliyezoea gari hilo alisema, "Ndivyo lilivyo, dizeli huchelewa asubuhi." Kauli hiyo iliandikwa daftarini kama kawaida ya gari. Ilipaswa kuandikwa kama ugonjwa, na hilo lilijulikana siku ya tano.

Tangi la lita 130 lilikuwa na lita 80 tu, kwa hoja ya kupunguza uzito. Usifanye hivyo. Mto wa Mbu ndipo mahali pa mwisho pa uhakika pa kujaza dizeli upande huu, na lita 50 za ziada ni kilo 42 tu. Wali maharage na mchicha kwa mama lishe Sh 3,000, chumba Sh 25,000 chenye chandarua kizima. Pale mtu hukagua chandarua kabla ya godoro.

Siku ya 2, Jumanne. Mto wa Mbu – Engaruka – Ngare Sero, kilomita 120 hivi

Baada ya lami kuisha, upepo wa tairi ulishushwa: mbele kutoka psi 40 hadi 28, nyuma kutoka 55 hadi 38 kwa sababu ya mzigo. Matuta ya bati ya barabara hii hulegeza kila nati, na tairi gumu huyafanya yapige maradufu. Njiani kuna mageti ya halmashauri. Dai stakabadhi kila geti na usiitupe, utaulizwa mbele.

Engaruka injini ilizimwa kwa ajili ya chai. Dakika arobaini baadaye ufunguo ulizungushwa, ikasikika *tk* moja tu. Hakuna kuzunguka.

Hapa ndipo watu wengi huanza kubadilisha vitu. Sikiliza kwanza, maana sauti inakwambia pa kuanzia. Kama hakuna hata *tk*, umeme haufiki kwenye waya mwembamba wa stata, kwa hiyo tafuta kwenye fyuzi, relei, swichi ya ufunguo au waya wenyewe. Kama ni *tktktktk* ya mfululizo na taa za dashibodi zinafifia, betri ni dhaifu au temino zimelegea. *Tk* moja nzito huku taa zikibaki zinang'aa maana yake swichi ya stata imevuta lakini umeme mkubwa haupiti kwenda kwenye mota.

Mita ilithibitisha. Betri ikiwa imetulia ilisoma volti 12.5, na betri nzima iliyojaa huwa 12.6 hadi 12.7. Ufunguo ukishikwa kwenye stata, usomaji ulishuka hadi 12.3 tu. Stata inayozunguka injini ya dizeli hunywa mamia ya ampea, na ingeivuta betri hadi 10 au 11. Kwa hiyo betri haikuwa imechoka. Haikuombwa chochote. Ungesoma 8, ungejua betri imekufa au stata imekaza. Ukisoma karibu kama ilivyokuwa, kuna mlango umefungwa njiani.

Gari lenye betri mbili lina mtego wake pia. Ukipima zikiwa zimeunganishwa, moja mbovu hujificha nyuma ya mwenzake. Fungua hasi ya moja, pima kila moja peke yake.

Ufunguo ulirudiwa mara nane, huku mtu mmoja akiigonga stata taratibu kwa mpini wa spana ya tairi. Mara ya tisa ikazunguka. Kabla injini haijashika, mita ilikuwa imewekwa kati ya hasi ya betri na chuma cha injini: volti 0.9. Inatakiwa isizidi 0.3. Waya wa hasi unaoshuka kwenye injini ulikuwa na kutu ya kijani chini ya bolti. Ulifunguliwa, ukasuguliwa kwa msasa hadi chuma kikang'aa pande zote mbili, ukakazwa. Kipimo kikawa 0.2.

Ilikuwa furaha ya dakika kumi. Kwenye kituo kilichofuata ikarudi *tk*, na safari hii kugonga hakukusaidia.

Vijana wanne waliokuwa wakinywesha mbuzi walisukuma. Kwenye majivu ya volkano ya barabara hii gari lenye mzigo halisukumiki, hivyo kwanza walilivuta kwa mikono hadi kwenye kipande kigumu, mzee mmoja akielekeza kwa fimbo. Gia ya pili, ufunguo kwenye ON, klachi iliachiwa gari lilipopata kasi ya mtu anayekimbia. Likashika. Walikataa fedha, wakakubali maji ya chupa na lifti hadi bomani kwao.

Kwa watakaopita huko, zingatieni hili: 1HZ ina vali ya umeme kwenye pampu ya nozeli, inayofungua njia ya dizeli ufunguo ukiwa ON. Betri ikifa kabisa kiasi cha vali kutovuta, mtasukuma hadi Kenya na gari halitawaka. Washa ON, sikiliza *tk* ndogo kwenye pampu. Ikisikika, sukuma. Isiposikika, tafuta betri ya kuazima kwanza.

Usiku Ngare Sero, kando ya Ziwa Natron, gari liliegeshwa kwenye mteremko, pua ikitazama chini.

Siku ya 3, Jumatano. Ngare Sero

Siku nzima chini ya mgunga, Oldoinyo Lengai ukiwa nyuma na joto la bonde likipanda tangu saa tatu.

Stata za Denso za aina hii zina udhaifu unaojulikana: vipande viwili vya kopa ndani ya swichi yake. Sahani ya kopa iliyo kwenye fimbo inayovutwa hugonga vipande vyote viwili kwa pamoja, na umeme wa betri unapita kwenda kwenye mota. Kila mguso hutoa cheche, na kila cheche hula kopa kidogo. Kipande kimoja kikiliwa kuliko mwenzake, sahani inagusa upande mmoja tu. Unasikia *tk*, na hakuna kinachoendelea.

Kazi yenyewe: fungua hasi za betri *zote mbili*, ondoa waya mnene na mwembamba, toa bolti za stata, ishushe ukiwa umeikinga kwa mkono wa pili maana ni nzito. Kifuniko cha duara cha swichi kinashikwa na bolti tatu ndogo. Kikitoka, chomoa fimbo na springi yake, angalia ndani kwa tochi. Kipande cha upande wa betri kilikuwa kimeliwa karibu nusu ya unene, kikiwa na shimo lenye umbo la mwezi mchanga. Cha upande wa mota kilikuwa kimeanza tu.

Kopa mpya hazikuwemo kwenye sanduku la spea. Kulikuwa na feni belti mbili, filta tatu, taa za akiba, hata kioo cha pembeni. Kopa za stata hukaa kwenye kiganja na hazina bei ya kutisha, lakini ndizo zilizosahauliwa.

Mpishi wa kambi ya jirani alisikia kelele za msasa, akaja na kipande cha mrija wa shaba kutoka kwenye friji lililokufa. "Kaka, hiki kinakaa tu jikoni, kichukueni." Kilipasuliwa kwa msumeno, kikabondwa kikawa bapa, kikakatwa kuwa vibapa viwili vyenye tundu. Viliwekwa *chini* ya kopa iliyoliwa ili kuinyanyua ifikie kimo cha mwenzake. Hatukuviweka juu, kwa sababu cheche za juu zingevitafuna kwa siku mbili. Sahani ya fimbo ilisuguliwa kwa msasa laini, kisha ikazungushwa kidogo ili sehemu nzima ndizo ziguse.

Kujua kama zimelingana: paka wino wa kalamu nene juu ya kopa zote mbili, bonyeza fimbo kwa kidole uizungushe kidogo, itoe. Wino ukifutika pande zote mbili sawasawa, funga. Ukifutika upande mmoja, rudia. Hapa ilirudiwa mara tatu.

Kosa la kuogopwa lipo wakati wa kurudisha. Bolti ya kopa ya upande wa betri inapita kwenye bodi ya stata ikiwa imevikwa plastiki na ringi ya mpira ili isiguse chuma. Ukizisahau, au ukizipanga kinyume, utakapounganisha betri umeme wote utaenda kwenye bodi, waya utawaka. Piga picha kila hatua unapofungua. Kabla ya kurudisha hasi, pima kwa mita kati ya bolti hiyo na bodi: pasiwepo muungano wowote.

Saa kumi alasiri stata ilizunguka kwa mara ya kwanza bila kusita. Hata hivyo ni kiraka, na kiliwekewa masharti: injini haizimwi ovyo, stata haipigwi zaidi ya sekunde kumi mfululizo, kisha inapumzika dakika nzima.

Jioni ilibaki kwa filta ya hewa. Vumbi la huku ni majivu laini kama poda, hupita hata pasipopita mchanga. Gonga sahani ya filta taratibu kwa kiganja, usiipige kwenye tairi kama wengi wafanyavyo, karatasi inapasuka pindoni. Pulizia kutoka ndani kwenda nje, upepo usizidi psi 30. Kisha weka tochi ndani ukiwa gizani: ukiona nukta ya mwanga, ni tundu, tupa.

Siku ya 4, Alhamisi. Ngare Sero – Sale – Waso

Kupanda ukingo wa bonde kulihitaji gia nzito. Abiria mmoja alisukuma wenzo hadi L4 (gia nzito, tairi nne), gari likachimba tairi za nyuma tu. Hab za mbele, yaani vifungio vilivyo katikati ya tairi, zilikuwa bado kwenye FREE. Kwenye magari yenye hab za mkono, wenzo peke yake hauipi tairi ya mbele chochote. Shuka, zungusha zote mbili hadi LOCK, sogea mita chache, ndipo panda. Ukifika lami rudisha H2 (gia ya kawaida, tairi mbili za nyuma), la sivyo shafti na giaboksi vinapigana kwa sababu tairi hazina pa kuteleza.

Kati ya Sale na Waso kuna lami, kilomita 49, na baada ya majivu yale injini ilisikika kama ya gari jingine. Mlo wa nyama choma na ugali Sh 8,000. Baridi ilianza kabla ya magharibi, maana Waso iko juu, takriban mita 2,000, ilhali Natron iko karibu mita 600.

Siku ya 5, Ijumaa. Waso

Saa kumi na mbili unusu asubuhi. Stata ilizunguka vizuri, kwa kasi. Injini haikuwaka. Sekunde kumi, pumzika, sekunde kumi tena. Kutoka ekzosti ulitoka moshi mweupe mzito, wenye harufu kali ya dizeli mbichi.

Moshi huo ulimaliza nusu ya ubishi uliokuwepo. Dizeli inayozungushwa bila kuwaka ikitoa moshi mweupe, mafuta yanafika kwenye silinda ila hayapati joto la kuyawasha. Isipotoa moshi wowote, mafuta hayafiki: angalia vali ya pampu, filta, hewa kwenye mipira.

Kwenye 1HZ mafuta hupulizwa kwenye chumba kidogo kilicho pembeni ya silinda, si moja kwa moja juu ya pistoni. Chumba hicho kikiwa baridi hupoteza joto la mgandamizo haraka, ndiyo maana kila silinda ina plagi ya hita. Sita kwa jumla, zimeunganishwa juu na ukanda mmoja wa chuma. Ukanda ulifunguliwa nati zake na kuondolewa, kisha kila plagi ikapimwa peke yake kutoka kichwani hadi chuma cha injini. Nzima husoma karibu omu 1 au chini yake. Tatu zilisoma hivyo. Ya pili, ya nne na ya tano hazikusoma chochote, waya wa ndani umekatika. Usipokuwa na mita, chukua taa ya volti 12, upande mmoja kwenye chanya ya betri, mwingine gusa kichwa cha plagi. Taa ikiwaka, plagi ni nzima.

Fundi wa pale, mtu wa umri, alisimama akitazama zile tatu, akauliza kuhusu stata, akaelezwa habari ya Engaruka. Akacheka. "Stata yenu haikufa, imechapwa. Hizi ndizo zilizokuwa zinaituma kazi."

Alikuwa amesema kweli yote. Plagi zilikufa moja moja, labda kwa miezi. Kila asubuhi ya Arusha stata ilizungushwa sekunde sita badala ya mbili, watu wakaita tabia ya gari. Waya wa hasi wenye kutu ukapunguza volti, swichi ikawa inavuta kivivu, cheche zikawa ndefu, kopa zikaliwa. Natron, penye joto, injini iliwaka kirahisi, ikaonekana kana kwamba vibapa vya mrija wa friji vimemaliza mambo. Ingebadilishwa stata nzima Arusha kwa mamia ya maelfu, kopa mpya nazo zingeanza kuliwa asubuhi iliyofuata.

Kijana mmoja alileta petroli kwenye kikopo ili imwagwe kwenye mdomo wa filta. Hapana, wala usipulizie dawa ya kuwashia. Plagi zikiwa nyekundu, mvuke huo huwaka kabla pistoni haijafika mahali pake, na utavunja ringi au kupinda fimbo ya pistoni. Pampu baridi pia usiimwagie maji ya moto. Vyuma vyake vya ndani vimebanana sana, kimoja kikitanuka kabla ya mwenzake pampu inakaza.

Kilichosaidia ni kuwasha ON, kungoja taa ya hita izimike, kuzima, kuwasha tena, mara tatu, ndipo kupiga stata mguu ukiwa umekanyaga mafuta hadi nusu. Iliwaka kwa silinda tatu, ikitetemeka kama mashine ya kusaga, nyingine zikajiunga moja moja.

Plagi ziliagizwa Arusha kwa simu, zije na basi. Namba ya plagi ya zamani ilisomwa herufi kwa herufi, kwa sababu ipo mifumo ya hita inayotumia plagi za volti ndogo kuliko volti 12 kamili, na kwa nje zinafanana. Ukifunga ya volti ndogo kwenye mfumo wa volti 12, inakatika asubuhi ya kwanza.

Siku ya 6, Jumamosi. Waso

Kusubiri basi. Mzigo ulishushwa kisimani. Kifurushi kilifika saa mbili usiku: plagi tatu Sh 35,000 kila moja, nauli ya kifurushi Sh 5,000.

Zilifungwa injini ikiwa bado vuguvugu, maana plagi ya zamani hutoka kirahisi hivyo, na ikikatikia ndani ya kichwa ni kazi ya kufungua kichwa. Zianze kuingia kwa vidole, spana ije mwishoni, tena fupi.

Siku ya 7, Jumapili. Waso – Ngare Sero

Baridi ileile. Sekunde mbili, ikawaka.

Kituo hakikuwa na dizeli siku hiyo. Zilinunuliwa lita 40 kwenye madumu mtaani, kwa bei ya juu kidogo, na haraka ya kuondoka ikafanya zimiminwe bila kutazamwa. Baada ya Sale gari lilipoteza nguvu mlimani, taa ya maji kwenye filta ikawaka.

Weka chombo chini ya filta ya dizeli, legeza skurubu ya chini, bonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya filta. Yalitoka maji karibu glasi moja, kisha dizeli yenye vijipovu, kisha safi. Funga, endelea kubonyeza hadi pampu iwe ngumu chini ya kiganja, hapa ilikuwa kama mara 40. Injini ikikataa bado, legeza nati za mirija miwili au mitatu ya nozeli kwa spana namba 17, piga stata hadi dizeli itoke bila hewa, kaza. Weka uso na mikono mbali, mafuta hayo hutoka kwa shinikizo la kutoboa ngozi.

Kwa dizeli ya dumu, jaza kwanza chupa ya plastiki inayoona ndani, iache dakika kumi. Maji hukaa chini kama kioo. Na robo ya mwisho ya dumu usiimimine.

Mteremko wa ukingo ulishukwa kwa L4 gia ya kwanza, breki zikiguswa tu.

Siku ya 8, Jumatatu. Ngare Sero – Gelai – Ketumbeine – Longido – Arusha

Kabla ya Ketumbeine gari lilianza kutembea kiubavu, kama kaa. Tairi la nyuma kushoto lilikuwa karibu na ukingo wa nyuma wa matao kuliko la kulia. Sentabolti ya springi, bolti ndogo ya katikati inayoizuia ekseli isihame, ilikuwa imekatika na ekseli imerudi nyuma. Chanzo ni yubolti zilizolegea, yaani bolti zenye umbo la U zinazobana springi na ekseli. Zikishaacha kubana, bolti ile ndogo hubeba peke yake kazi isiyokuwa yake. Zikazwe kila kilomita 500 za barabara kama hii.

Jeki mbili, moja chini ya chesisi na nyingine chini ya ekseli, springi zikabanwa kwa klampu, bolti mpya ikaingia. Mwenye duka la Ketumbeine alifungua duka saa ya mapumziko yake ili kutafuta nati inayofanana, akadai Sh 1,000. Saa mbili na nusu zilipotea hapo. Longido hadi Arusha ni lami, kilomita 80 hivi.

Jumla: karibu kilomita 640, dizeli lita 110. Pancha moja, Sh 5,000.

Jumanne stata ilifunguliwa tena mezani. Vibapa vya mrija wa friji vilikuwa pale pale, vyeusi kidogo pembeni, bado vimelingana. Kopa mpya mbili na fimbo yake ziligharimu Sh 45,000, na seti ya pili imefungwa kwenye mfuko wa plastiki ndani ya sanduku la spea, mahali kilipokuwa kioo cha pembeni.